Amerudi kutoka misheni, halali, na sasa ananikaba: ni ugonjwa au ni ukatili?

SWALI

Mume wangu ni mwanajeshi. Alirudi kutoka misheni miezi 7 iliyopita, na tangu hapo si yule niliyemsindikiza. Halali. Akipitiwa na usingizi anaweweseka, anaamka amelowa jasho. Anakunywa kila siku. Mara 2 usiku amenishika koo akiwa usingizini, na alipozinduka alilia. Nikasema ni vita hiyo, nikavumilia. Mwezi uliopita tulibishana jikoni kuhusu pesa. Akaninyang'anya simu, akafunga mlango, akanikaba mpaka nikaona giza. Mtoto wetu wa miaka 9 alikuwa nje ya mlango anaita. Kesho yake aliomba msamaha, akasema nisiwe namchokoza kwa kuwa naijua hali yake. Bastola yake hulala chini ya godoro. Hospitali hataki, anasema jeshi likijua kazi imekwisha. Je, huu ni ugonjwa au amekuwa mkatili? Nivumilie mpaka apone?

JIBU

Dada yangu, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho: hapana, usivumilie mpaka apone. Kwa dalili ulizozieleza, huenda mume wako kweli ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unatibika. Lakini lililotokea jikoni ni jambo la pili, lina tiba yake na lina haraka yake. Familia nyingi za wanajeshi huyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja, zikiamini kwamba usingizi ukirudi, vipigo vitakoma vyenyewe. Mara nyingi havikomi. Na hata pale vinapokoma, matibabu ya kiwewe huchukua miezi, ilhali hatari yako ni ya leo usiku.

Kwanza shingo

Katika barua yote, maneno "nikaona giza" ndiyo yaliyonishtua kuliko mengine. Kuona giza maana yake damu ilikuwa imekatika kwenda kwenye ubongo. Mishipa mikubwa ya damu iko pembeni mwa shingo, karibu na ngozi, na huziba kwa nguvu ndogo kuliko ile inayohitajika kuziba njia ya hewa. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi huku hewa bado inapita, na dakika chache tu baadaye akafa. Aliyekaba hana namna ya kujua mpaka uko wapi. Hata asipokusudia kuua, anaweza kuua.

Nenda hospitali, hata kama mwezi umeshapita na shingo haina alama. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa kesi 300 za kukabwa huko San Diego, Marekani, na katika nusu ya kesi hizo hapakuwa na jeraha lolote lililoonekana kwa macho. Jeraha baya liko ndani: ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kidogo, damu ikaganda hapo, kisha kiharusi kikaja siku au wiki kadhaa baadaye kwa mwanamke kijana asiye na ugonjwa mwingine. Usingoje miadi endapo una mojawapo ya haya: sauti imekwaruza, kumeza kunauma, maumivu ya upande mmoja wa shingo au kichwa, uso au mkono kufa ganzi, jicho moja kuona ukungu, kope kulegea, vidoadoa vyekundu kwenye macho au nyuma ya masikio, kusahausahau. Kama ulijikojolea wakati ule, usione aibu kulisema, maana linamwonyesha daktari kwamba huenda ulizimia. Kama una mimba, mwambie pia.

Ukifika kwa daktari, usiseme "tuligombana." Sema hivi: "Nilikabwa shingo kwa mikono, tarehe fulani, nikaona giza." Eleza kama ni mkono mmoja au miwili, kwa muda gani, na alikuwa anasema nini. Uliza kama unahitaji picha ya CT ya mishipa ya shingo. Omba maneno hayo yaandikwe kwenye faili lako kama ulivyoyasema. Karatasi hiyo inaweza kukufaa mahakamani miaka 2 baadaye, hata kama leo hutaki kumshtaki mtu.

Utafiti ulioongozwa na Nancy Glass, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha wanawake waliouawa na wenzi wao na wale waliokuwa wakipigwa lakini wako hai. Aliyewahi kukabwa alikuwa na uwezekano zaidi ya mara 7 wa kuwa kwenye kundi la waliouawa. Miaka 5 kabla yake, Jacquelyn Campbell na wenzake walitafiti miji 11 ya Marekani wakaona kwamba mpigaji anapokuwa na bunduki mkononi, uwezekano wa mwanamke kuuawa hupanda takriban mara 5. Wewe una yote mawili ndani ya chumba kimoja. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu watu watakuambia "mbona ni mara moja tu," na wewe mwenyewe utajiambia hivyo.

Bastola itoke nyumbani. Usiifiche, usiitoe risasi, wala usiitupe. Akiitafuta asiione, siku hiyo ndiyo itakuwa mbaya kuliko zote. Kama ni silaha ya kazi, mahali pake ni ghala la silaha la kikosi, na kamanda anaweza kuamuru irudishwe. Kama ni yake binafsi, zipo nchi ambazo polisi au mahakama huweza kuichukua panapokuwa na shauri la ukatili. Ikiwa bado mnaweza kuongea bila wewe kuogopa, lisemee kupitia usingizi: "Unashtuka usiku. Ukishtuka na bastola chini ya godoro, unaweza kumpiga mtoto anayekwenda chooni. Irudi ghalani mpaka ulale vizuri." Askari analielewa hilo haraka, kwa kuwa usalama wa silaha ni jambo alilofundishwa tangu siku za mwanzo.

Ya usiku na ya jikoni

Sasa swali lako la katikati. Mikono iliyokushika koo usiku na ile iliyokushika jikoni ni mikono ya mtu yuleyule, lakini haisukumwi na kitu kimoja.

Kiwewe cha vita kiliingia rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa jina la PTSD. Dalili zake huwekwa kwenye mafungu 4: tukio linajirudia lenyewe, kwa ndoto au kwa picha za ghafla mchana, mtu anakwepa chochote kinachomkumbusha, mawazo na hisia zinageuka kuwa za giza, hata kwa watoto wake anahisi ubaridi, na mwili unakaa chonjo saa 24. Zikidumu zaidi ya mwezi na kuvuruga maisha, ndipo daktari hulitaja jina hilo. Fungu la mwisho ndilo ambalo tafiti hulihusisha zaidi na hasira na ugomvi nyumbani. Kwenye doria, kuuona kila mtu kama tishio ndiko kulikomrudisha hai. Mwili wake haujapokea amri ya kuacha. Sahani ikianguka, au ukimuuliza "ulikuwa wapi," mwili unajibu kabla akili haijapima.

Ndivyo inavyokuwa usiku. Anayekaba usingizini hachagui mtu, hajui ni nani, na akizinduka huchukua sekunde au dakika kadhaa kujua yuko wapi. Hofu anayoionyesha baada ya hapo ni ya kweli. Hili lina dawa za vitendo. Laleni vitanda tofauti kwa sasa, ikiwezekana vyumba tofauti, na mweleze kuwa ni mpango wa muda wa matibabu. Akiweweseka, usimtikise wala usimwinamie. Simama kwenye mlango au upande wa miguuni, mbali na mikono yake, washa taa, mwite kwa jina kwa sauti ya kawaida, umwambie yuko wapi: "Uko nyumbani. Ni saa 9 usiku. Mimi ni fulani." Rudia mpaka ajibu kwa maneno. Watoto wasitumwe kumwamsha hata siku moja.

Ya jikoni tazama mpangilio wake. Simu ilichukuliwa kwanza. Mlango ukafungwa. Ugomvi ulikuwa wa pesa, haukuwa wa mlio wala wa ndoto. Na kesho yake kosa likahamishiwa kwako. Mtu aliyerudishwa vitani kwa picha za ghafla hapangi hivyo. Hawazi kufunga mlango ili usikimbie. Jiulize na haya: amewahi kumkaba mkubwa wake wa kazi aliyemuudhi? Anapiga mahali ambapo nguo hufunika? Mgeni akibisha hodi, anaweza kuacha papo hapo na kufungua mlango kwa sauti ya upole? Anayeweza kuacha kwa sababu ya hodi alikuwa na breki muda wote. Tena, kuna mambo ambayo hayahusu ngumi kabisa, kama kukushikia simu, kukuhesabia pesa, kukukataza ndugu zako. Kiwewe hakimfundishi mtu kusoma meseji za mkewe.

Msingi wa jibu langu ni huu: wanajeshi walio wengi wenye PTSD hawawapigi wake zao. Wanateseka, wananyamaza, wengine wanalala sebuleni ili wasiwaguse wapendwa wao. Ugonjwa huongeza hatari na kufupisha fyuzi. Haumpi mtu ruhusa. Kwa hiyo akisema "unajua hali yangu," jibu unaloweza kulibeba moyoni, hata usipolitamka, ni kwamba hali hiyo inamtaka yeye aende kutibiwa. Haikutaki wewe unyamaze.

Lakini maswali hayo yasikufanye hakimu wa kila tukio. Yanakusaidia kuelewa na kumweleza daktari. Kwa upande wa usalama, shingo haijui tofauti ya mkono ulio macho na mkono uliolala.

Yapo mambo mengine ambayo daktari anapaswa kuyatafuta, kwa sababu PTSD mara nyingi haiji peke yake. Kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko, hata bila jeraha la nje, ubongo unaweza kuwa umetikisika: kichwa kuuma, kusahau, kuchukia mwanga na kelele, hasira za ghafla ambazo hakuwa nazo. Kuna sonona. Na kuna jeraha la dhamiri, ambalo daktari Jonathan Shay alianza kuliandikia miaka ya 1990 kutokana na kazi yake na maveterani wa Vietnam. Mwenye jeraha hilo haogopi kilichompata. Anaona aibu kwa alichofanya, alichoamriwa kufanya, au alichoshindwa kuzuia. Aibu ya namna hiyo hujificha nyuma ya hasira, na haitibiki kwa kuambiwa "sahau tu."

Na pombe. Anakunywa ili alale, na ni kweli pombe humlaza haraka, lakini huuvunja usingizi nusu ya pili ya usiku, ndipo ndoto zinapoongezeka. Hata hivyo usimwagie pombe yake wala usimlazimishe aache ghafla. Mnywaji mkubwa wa kila siku akikata mara moja anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa hatari kati ya siku ya 2 na ya 4. Kuacha kusimamiwe na daktari.

Mpango wako, usiomtegemea yeye

Kipindi cha hatari kuliko vyote ni pale mwanamke anapoondoka au anapotangaza kwamba anaondoka. Usilitamke hilo kwenye ugomvi, na usiache barua mezani. Wewe una jambo moja linalokusaidia: mwanajeshi ana zamu. Ratiba yake inajulikana, na saa ambazo lazima awe kazini ndizo saa zako za kutoka, za kwenda hospitali, za kupiga simu.

Tafuta simu nyingine, hata ile ndogo ya vitufe, uiache kwa mtu unayemwamini. Simu yako ya sasa ichukulie kuwa inasomwa na inaonyesha ulipo, hasa ikiwa yeye ndiye aliyeinunua au anajua neno la siri. Kabla ya kuondoka usifute kila kitu kwa mkupuo, maana simu iliyosafishwa ghafla humwamsha. Kwa mtu huyohuyo peleka nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, namba yake ya jeshi na jina la kikosi, kadi za kliniki, dawa za siku chache, funguo za akiba, na fedha kidogo uliyoitoa polepole. Asili zenyewe zichukue siku ya kutoka, maana akiziona hazipo kabla ya siku hiyo atajua.

Ndani ya nyumba, ugomvi ukianza, ondoka jikoni na bafuni. Jikoni kuna visu, bafuni kuna sakafu ngumu na mlango mmoja, na kote kuwili huna pa kupitia. Sogea kwenye chumba chenye mlango wa nje. Chagua na jirani neno moja la kawaida ambalo ukilisema au kulituma, yeye anapiga simu polisi bila kukuuliza chochote. Akikushika shingo, kunja mabega juu na kidevu chini kulinda mishipa, na mara tu utakapopumua, kimbia. Usibaki kumtuliza.

Mtoto wa miaka 9 mfundishe kazi moja tu: kumchukua mdogo wake kama yupo, kutoka, na kwenda nyumba mliyokubaliana. Mwambie wazi kwamba si kazi yake kuingia katikati, na kwamba hakuna alichofanya kilichosababisha. Aliyekuwa anaita nje ya mlango ule anajua zaidi ya unavyodhani. Kukojoa kitandani upya, kushuka shuleni, tumbo linalouma kila asubuhi, au kuanza kukusemesha kwa ukali kama baba yake, ni dalili za kumpeleka kwa mshauri wa watoto.

Jeshini kuna milango zaidi ya mmoja, na haifanani. Katika majeshi mengi kamanda anaweza kumwamuru askari alale kambini, asisogelee nyumba, na silaha irudi, yote kwa siku moja. Mahakama haina kasi hiyo. Ubaya wake ni kwamba amri hiyo ina nguvu ndani ya jeshi tu, na inaweza kuyeyuka akihamishwa au kamanda akibadilika. Kwa hiyo ichukue, halafu fuatilia amri ya ulinzi ya mahakama, ambayo raia na polisi wote wanawajibika nayo. Kabla ya kumsimulia mtu yeyote mwenye cheo, daktari wa jeshi, ofisa ustawi au kiongozi wa dini wa kikosi, muulize swali hili: "Nikikuambia, ni nani mwingine utalazimika kumwambia?" Wengine wana wajibu wa kuripoti, wengine wana usiri. Kama jibu halikuridhishi, anza nje ya jeshi: hospitali ya kiraia, dawati la polisi la ukatili wa kijinsia, au shirika la kusaidia wanawake. Uliza pia mapema nyumba ya jeshi inakuwaje mkitengana, na posho ya watoto hupitia ofisi gani. Wengi hurudi kwa mpigaji kwa kukosa majibu ya maswali hayo mawili.

Nijibu na hofu ya kazi. Mwaka 2002, katika kambi ya Fort Bragg, North Carolina, askari 4 waliwaua wake zao ndani ya wiki 6 hivi. 3 kati yao walikuwa wamewahi kutumwa Afghanistan. Timu ya jeshi iliyochunguza ilikuta matatizo ya ndoa yaliyokuwa yanajulikana ndani ya nyumba, na askari waliokwepa msaada kwa kuamini kwamba kuonekana kwa mshauri kutawaharibia kazi. Kinachoua kazi ya mwanajeshi kwa uhakika ni kesi ya kujeruhi au kuua. Aliyejipeleka mwenyewe mapema, kwa tatizo la usingizi, yuko mbali sana na hapo.

Matibabu ya kweli yakoje

Kwanza, hayaanzi kwa kumwambia "una ugonjwa wa akili." Anzia mwilini. Askari anayekataa daktari wa akili hukubali kwenda kwa daktari wa kawaida kwa usingizi, kichwa au mgongo, na daktari mwenye ujuzi atauliza mengine. Likisemwa, lisemwe mchana, hajalewa, si asubuhi iliyofuata usiku mbaya. Na likisemwa na askari mwenzake aliyewahi kutibiwa, hupenya kuliko likitoka kwako. Kama unaogopa kulisema, usiliseme. Kumtibu si kazi yako.

Tiba za mazungumzo zenye ushahidi mkubwa ni zile zinazoligusa tukio lenyewe. Mojawapo ni ya vikao kama 12, ambapo mtu anaandika na kuzipima imani zilizokwama, kama "ilikuwa kosa langu." Nyingine ni ya vikao 8 hadi 15, vingi vya dakika 90, ambapo anasimulia tukio tena na tena na kurudi hatua kwa hatua kwenye mahali anapopakwepa, mpaka mwili uache kupiga king'ora. Ya tatu ni EMDR, inayotumia mwendo wa macho wakati wa kukumbuka. Wiki za mwanzo ndoto zinaweza kuongezeka. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo wewe hupaswi kuwa chumba kimoja naye.

Dawa zinazotumika zaidi ni sertraline, paroxetine na venlafaxine. Huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, kuonyesha kazi. Siku za kwanza zinaweza kuleta wasiwasi na kukosa utulivu, na hazikatwi ghafla. Kwa ndoto, baadhi ya madaktari hutoa prazosin usiku, wakipandisha kipimo taratibu kwa sababu hushusha presha. Dawa za usingizi za jamii ya diazepam na lorazepam miongozo haizipendekezi kwa PTSD: hazitibu kiwewe, zina uteja, na zikichanganywa na pombe zinaweza kuzuia pumzi au kumwondolea mtu ile breki kidogo aliyobaki nayo. Kama amezipata mahali, daktari ajue.

Ila yote haya yanatibu kiwewe. Ukatili una programu yake, na mtu anaweza kuhitaji zote mbili. Kwa wanajeshi, ile iliyopimwa vizuri ni Strength at Home, iliyoandaliwa na Casey Taft: vikundi vya wanaume, kikao kimoja kwa wiki kwa wiki 12, wakijifunza jinsi vita vilivyowabadilishia namna ya kusoma nia ya mtu mwingine, na kuwajibika kwa walichotenda. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha ukatili ulipungua zaidi kuliko kwa waliopata huduma za kawaida. Kama hakuna programu ya namna hiyo karibu, tafuteni ile ya wanaume wanaopiga wenzi wao. Semina ya "kudhibiti hasira" peke yake haitoshi, maana jikoni pale hakukosa kudhibiti. Alifunga mlango.

Ushauri wa ndoa wa pamoja usiukubali kwa sasa, wala kikao cha usuluhishi cha wazee au viongozi wa dini mkiwa mmeketi wawili. Utakalosema ukweli pale, utalilipia mkifika nyumbani. Usiposema ukweli, kikao kitatoka na azimio kwamba ubadilike wewe. Uwezekano wa kukaa pamoja huja baadaye, baada ya miezi bila vitisho vya aina yoyote, na baada ya mshauri kukuhoji wewe peke yako.

Utajuaje kwamba anabadilika? Machozi na zawadi siyo kipimo. Sikiliza kama anaweza kumsimulia mtu wa tatu alichokufanyia bila kutia neno "lakini." Tazama kama ametoa silaha bila kulazimishwa mara ya pili, kama anaendelea na vikao hata baada ya kuona umelegea, kama ukimwambia "siko tayari kurudi" anakubali bila kukuuliza tarehe, na kama simu yako imekuwa yako. Kwa mtu aliyewahi kukaba, mimi ningehesabu mwaka. Sihesabu wiki.

Na wewe mwenyewe upimwe. Kulala kwa kusikilizia hatua zake, kushtuka mlango ukigongwa, kumbukumbu ya giza lile kukujia ukiwa unaosha vyombo: hizo ni dalili zilezile zake, na matibabu ni yaleyale.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, lakini huja karibu kila mara. Akikuambia "ukiondoka najiua," au hata "tutakufa wote," hiyo ni dharura mbili kwa pamoja, yake na yako, kwa sababu mtu anayetishia kujiua na kumiliki bastola huwa hatari pia kwa mkewe. Usibaki kumlinda. Toka kwanza na watoto. Kisha, ukiwa mahali asipoweza kukufikia, piga simu kwa kamanda au ofisa wa zamu wa kikosi, na kwa huduma ya dharura, useme kwa mpangilio huu: jina lake na namba yake, alivyosema neno kwa neno, silaha iko wapi, amekunywa kiasi gani, na kwamba mwezi uliopita alikukaba mpaka ukaona giza. Wana mafunzo na watu wa kumfikia. Wakikuomba urudi ukaongee naye ili atulie, kataa, uwape namba ya mwenzake wa kikosi anayemsikiliza.